Barua ya Pili ya Profesa Kalenga

Jumatatu, 6 Oktoba

Vipindi vinne leo, chaki mpaka kooni. Wasichana wa mwaka wa sita bado wanachanganya nguvu na nishati. Nitarudia Alhamisi. Nitarudia mpaka waote ndoto.

Nimemkuta tata Séba, jirani wa nyumba ya tatu, ananisubiri mlangoni na jiwe la kobalti ndani ya kitambaa. Anataka Daktari alipime. Nimemweleza kwa mara ya kumi kwamba mimi ni daktari wa nadharia, kazi yangu ni karatasi na kompyuta, mawe siyagusi. Amenitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa, akaondoka na jiwe lake.

Jambo kubwa la leo ni tangazo. Chuo kimoja cha Ureno kinatafuta mtafiti wa baada ya uzamivu, ile kazi wanayoiita postdoc. Miaka miwili. Fizikia ya nadharia ya yabisi, upande wa sumaku zisizotulia. Ndiyo kazi yangu hasa, ndiyo niliyoiandikia tasnifu. Nimesoma masharti mara tatu nikiwa nimesimama barabarani, malori yakinipulizia vumbi.

Uzamivu wa fizikia ya nadharia: ninao. Uzoefu wa kukokotoa mifumo ya atomi nyingi kwa kompyuta: ninao, ingawa kompyuta yangu imezeeka na umeme wa Kolwezi una tabia zake. Makala zilizochapishwa, ninazo mbili. Mpango wa utafiti wa kurasa mbili, si zaidi. Halafu barua mbili za mapendekezo, zitumwe na wanaopendekeza wenyewe; barua itakayopitia mkononi mwa mwombaji haitapokelewa. Na sharti la mwisho, lile ninaloliangalia kwanza siku zote: isizidi miaka mitatu tangu kutetea tasnifu. Mwisho wa kupokea maombi ni 31 Oktoba.

Nilitetea tarehe 14 Novemba. Wiki mbili baada ya tangazo hili kufungwa, natimiza miaka mitatu. Matangazo yote ya aina hii yana sharti hilo, kwa hiyo nikikosa hapa hakuna pengine pa kuomba. Nimekataliwa mara tano tayari. Nitaomba mara ya sita na nitaipata.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemwambia mama. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Aliuliza Ureno ni wapi. Nilipomwambia ndio wale waliotawala Angola, akachangamka. Amezaliwa Kisenge, si mbali na mpaka, ana maneno kumi ya Kireno cha sokoni na tangu leo anajiona mwalimu wangu.

Kisha akauliza tena hasa huwa nafanya nini. Nimemweleza hivi. Chukua atomi tatu za kobalti, zimekaa pembetatu. Kila moja ina mshale mdogo wa sumaku, na kila moja inataka kumpa jirani yake mgongo. Mbili zinapeana mgongo vizuri. Ya tatu igeukie wapi? Ikigeuka huku, inamuudhi huyu. Ikigeuka kule, inamuudhi yule. Sasa weka mamilioni yao. Hazitulii hata kwenye baridi kali kuliko zote. Mimi nakokotoa kutotulia kwao. Mama akasema ni dada zake watatu siku ya matanga ya babu. Ndiyo mama, hasa hivyo.

"Na banalipa mutu juu ya kazi ya vile?" aliuliza. Wanalipa.

Hakuridhika. Angependa niingie maabara ya mgodi, nipime madini, nirudi nyumbani kila jioni kama watoto wa wenzake. Nafasi ipo, binamu yake amesema. Simlaumu. Nyumba yetu hapa Kasulo ina ufa ukutani tangu jirani wa nyuma alipochimba kobalti chini ya sebule yake mpaka akatufikia sisi. Nalala juu ya kobalti, naandika juu ya kobalti, na sijauza hata gramu moja. Mtaa mzima unashangaa nilisomea nini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kurasa mbili ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Nimeandika saba. Nimekata, zimebaki nne. Kiingereza changu kinachechemea, lakini fomula hazichechemei. Nimefuta sifa zote nilizojipa aya ya kwanza nikaweka swali lenyewe: mishale ikikataa kutulia, tupime nini ili tujue ni kutotulia kwa aina gani? Hapo nina jambo langu la kusema.

Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa nane mchana. Nimefanya kazi kwa kalamu. Hainisumbui. Nusu ya tasnifu niliiandika hivyo.

Nimejaza fomu na majina ya wanaonipendekeza. Wa kwanza ni mwongozaji wangu wa pili, mama mmoja wa Afrika Kusini niliyefanya kazi naye miezi minne. Fomu inamtumia kila mmoja barua pepe yenye kiungo; anabonyeza, anapakia barua yake, kazi imekwisha. Yeye amemaliza ndani ya saa moja. Kando ya jina lake pameandikwa: imepokelewa.

Wa pili ni Profesa Kalenga wa Lubumbashi, aliyeiongoza tasnifu yangu tangu mstari wa kwanza. Huyo ndiye wanayemtaka zaidi. Masharti yanasema lazima mmoja awe msimamizi wa uzamivu. Nimempigia. Amesema ataandika, tena kwa furaha. Nimekata simu nikiwa nacheka peke yangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kando ya jina la Profesa bado pameandikwa: inasubiriwa. Nimempigia. Barua ameshaiandika, imekaa vizuri. Nikauliza juu ya kiungo. Kiungo gani? Ile barua pepe kutoka Ureno. Aa, ile. Ameifuta. Chuoni wameonywa kwamba ujumbe wa kigeni unaokuambia ubonyeze mahali ni wa wezi. Alikuwa anajisifu jinsi alivyoifuta upesi.

Nimeiagiza fomu imtumie tena. Nimemweleza hatua kwa hatua, kama ninavyowaeleza wasichana wangu. Aliitikia kila sentensi. Mtu anayeitikia kila sentensi hasikilizi. Hilo nalijua kwa kazi yangu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Profesa amepiga saa mbili asubuhi. Niende kituoni, dereva wa basi la Lubumbashi ana bahasha yangu. Nimeyasikia hayo mbele ya darasa, nikajua kiungo hajakigusa.

Nimeichukua baada ya vipindi. Bahasha ya kaki, jina langu kwa mwandiko wake mzuri wa zamani, gundi kila upande, na juu ya mkunjo amegonga muhuri wa idara, nusu huku nusu kule, ili anayeifungua ajulikane. Dereva ameniapia kwamba aliiweka chini ya kiti chake njia nzima, hakuna aliyeigusa. Nimemshukuru. Nilitaka kulia.

Ndivyo tunavyofanya kwetu. Barua ya maana inafungwa, inagongwa muhuri, anakabidhiwa mwenyewe aifikishe. Kutoifungua ndiko kunakoonyesha yeye ni mtu wa namna gani. Kule, kuishika tu mkononi ni udanganyifu. Profesa amenipa heshima kubwa kuliko zote alizonazo, na heshima hiyo inaninyima kazi.

Naandika na hili, nisijidanganye baadaye. Kwa dakika tano nimefikiria kuifungua, kuibadilisha anwani yake kwenye fomu niweke anwani ninayoifungua mimi, na kuipakia kwa jina lake. Ni rahisi. Wapo waliofanya. Sitaki. Miaka miwili ya kazi iliyoanza kwa uongo, ningekuwa naamka nayo kila asubuhi.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimempigia tena. Nimeeleza tena. Akawa mkali.

"Barua ilishatoka mu mukono yangu," alisema. "Mi siandikake barua mara mbili."

Simu ikakatika, au aliikata. Zimebaki siku kumi. Nitaenda mwenyewe.

Alhamisi, 23 Oktoba

Sista mkuu wa shule yetu amenipa ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu. Aliuliza ni ugonjwa au ni matanga, kwa sababu daftari lake la ruhusa lina safu hizo mbili tu. Nimesema ni barua. Ameandika ugonjwa.

Mama amenifungia mihogo ya kuchemsha na karanga. Ameniambia nisimjibu Profesa vibaya, ni kama baba. Najua. Hilo ndilo tatizo lenyewe.

Ijumaa, 24 Oktoba

Basi la saa kumi na mbili asubuhi. Malori ya shaba mbele, malori ya shaba nyuma. Karibu na Fungurume tumesimama saa moja na nusu. Moja limelala katikati ya barabara. Mvua Likasi, ya kwanza ya maana mwaka huu. Bahasha ndani ya tasnifu, tasnifu ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko kifuani.

Nimefika kwa shangazi yangu wa Lubumbashi saa tisa. Naogopa. Nilipotetea tasnifu mbele ya watu watano sikuogopa hivi. Leo namwogopa mzee mmoja wa sweta.

Jumamosi, 25 Oktoba

Saa tatu nilikuwa kwake. Mama Profesa, mke wake, aliniketisha sebuleni, akaleta chai. Profesa alipoona bahasha haijafunguliwa, uso wake ulilainika. Aliigeuza, akakagua muhuri, akaridhika na mimi. Tulifungua barua pepe yake pamoja. Nilimwonyesha anwani ya chuo, nikamwonyesha tangazo, akakubali kwamba si wezi. Nilidhani yamekwisha. Akapasua bahasha kwa kisu cha mkate, akatoa karatasi tuipige picha.

Mistari minne. Ilisema hivi: mimi niliyetia saini hapa chini nashuhudia kwamba Bibi Clémence, daktari wa fizikia, alikuwa mwanafunzi wetu, ana tabia njema na hajawahi kupewa adhabu, barua hii amepewa imsaidie panapohitajika. Saini. Muhuri. Muhuri wa pili.

Tabia njema! Miaka sita ya kazi, na hakuna sumaku hata moja ndani yake. Sikukasirika, kwa kuwa kwetu barua za wakubwa zinaandikwa hivyo, na yeye aliona ameniandikia barua nzito. Lakini kule barua zinashindanishwa. Mwenzangu atafika na kurasa mbili zinazoeleza amegundua nini. Mimi nitafika na tabia njema.

Ningeweza kunyamaza. Kupakia, kushukuru, kula, kurudi Kolwezi. Ningekuwa nimetimiza masharti yote na kushindwa kwa adabu.

"Profesa," nilisema, "hii barua itaniangusha."

Mama Profesa aliweka birika chini bila kumimina. Profesa akaniuliza, taratibu, kama nataka aniimbie sifa mbele ya wazungu kama mtu anayeuza samaki.

"Mi niliandika uko mutu muzuri," alisema. "Kwetu inatosha."

Nilimjibu kwamba kwetu inatosha, ila kule wanataka kujua nilifanya nini ambacho hakikuwepo kabla yangu. Haya, akasema, ulifanya nini?

Jibu ninalo, na siwezi kulitamka mbele yake.

Kila kitu kipya katika tasnifu yangu kimesimama juu ya alama moja ya kutoa. Fomula ya zamani ilikuwa na alama ya kujumlisha. Niliikokotoa upya, nikapata kutoa, nikarudia kwa njia nyingine, nikapata kutoa tena, na juu yake nikajenga sura tatu. Fomula ya zamani ni ya Profesa. Imo kwenye makala yake ya ujanani, ile moja iliyochapishwa ng'ambo. Ameijalidi kwa ngozi, iko rafuni, leo ilikuwa nyuma ya kichwa chake. Kwenye tasnifu sikuandika kwamba alikosea. Niliandika "tofauti na matokeo ya awali", nikaweka nambari ya rejea, na hesabu yenyewe nikaizika kwenye kiambatisho cha pili. Siku ya utetezi hakuuliza neno juu ya kiambatisho. Miaka mitatu hatujakitaja. Hata sijui kama alikisoma.

Nilisema tu kwamba yote yamo kwenye tasnifu. Akainuka, akasema amechoka. Nimetoka bila kula, jambo ambalo Mama Profesa hatalisahau. Barua haikupakiwa, si ya mistari minne wala nyingine.

Labda nimeharibu. Sijuti. Hapana, nasema uongo, najuta kidogo.

Jumapili, 26 Oktoba

Mama Profesa alipiga baada ya misa. Niende nikale. Hakusema zaidi, na sauti yake haikuruhusu kukataa.

Tulikula bukari, ule ugali wa kwetu, na samaki. Tulipomaliza kunawa, Profesa alinichukua chumba cha nyuma ambako ana ubao mweusi ukuta mzima. Wanafunzi wote wa zamani wanaujua ubao huo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akanipa chaki.

"Anza ku mwanzo," alisema.

Nimesimama saa mbili. Aliuliza maswali yake mabaya ya zamani, yale ambayo ukijibu nusu anakuacha umesimama na nusu yako. Kwa nini pembetatu, kwa nini si mraba. Nani ameniambia naweza kulitupa neno hili dogo. Je, ni dogo kweli, nimelipima? Niandike upya. Nilitoka jasho na nilifurahi. Sioni aibu kusema. Kolwezi nzima sina mtu wa kuzungumza naye hivi, na nilikuwa nimesahau ninavyokuwa nikizungumza hivi.

Kisha tukafika kwenye mstari ule. Ipo njia ya kuuruka. Nimeitumia mbele ya watu mara nyingi. Unasema "kwa hesabu fupi tunapata", unakimbilia mbele. Mkono wangu ulisimama hewani.

"Endelea," alisema.

Nikaendelea. Sikukimbia. Nikateremsha hesabu mstari kwa mstari, nikaandika alama ya kutoa katikati ya ubao, kubwa, na sikugeuka kumtazama.

Baadaye akasema nifute ubao, chaki inamkohoza. Akauliza basi langu linaondoka saa ngapi kesho. Nikamwambia. Sikuomba kitu, naye hakuahidi kitu. Mama Profesa alinifungia samaki aliyebaki.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kolwezi. Njia ilikuwa nzuri. Kando ya jina lake: inasubiriwa.

Jumatano, 29 Oktoba

Inasubiriwa.

Nimetuma kilicho changu. Wasifu, cheti, makala, na mpango wa utafiti umetimia kurasa mbili, mstari wa mwisho umegusa ukingo wa karatasi. Nimeusoma kwa sauti kabla ya kuutuma. Ni mzuri. Hata wasiponichukua ni mzuri, na mtu yeyote atakayesema sio, aje na chaki.

Mama haulizi. Ananipa nyama kubwa. Nimemfokea tata Séba na jiwe lake, mbele ya watoto wake. Kesho nitamwomba radhi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimemwomba radhi. Akanionyesha jiwe.

Nimeishika simu mara nane, sikumpigia Profesa. Nilimwonyesha kosa lake ndani ya nyumba yake, na mkono wangu ndio ulioliandika. Sasa siwezi tena kumharakisha. Kama hataandika, nitajua ni kwa nini, na sitamchukia. Nitakuwa na hasira. Hasira na chuki si kitu kimoja.

Ijumaa, 31 Oktoba

Wanafunga saa kumi na moja jioni kwa saa za Ureno. Kwetu ni saa moja usiku.

Saa tisa, nikitoka shuleni: inasubiriwa. Saa kumi na moja: inasubiriwa, na umeme umekatika. Simu ina asilimia kumi na mbili. Nimeizima, nimeiwasha, nimeizima. Nimefua nguo ambazo zilikuwa safi.

Saa kumi na mbili na robo: imepokelewa.

Nimekaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Mama alidhani nimeanguka. Sijui ameandika nini. Inawezekana ni ile ile ya mistari minne, tabia njema na mihuri yake miwili. Mwombaji haruhusiwi kuiona, na mimi sitauliza. Maombi yamekamilika. Jina langu limeingia.

Jumatano, 12 Novemba

Wameniita kwenye mahojiano! Kwa video, wiki ijayo. Waombaji wengi, wamebakiza wachache. Nimeusoma ujumbe mara moja tu, nikaingia darasani, nikafundisha mwendo wa pendulamu vibaya sana.

Sista mkuu atanipa ofisi yake, ina jenereta. Nimeanza kujibu maswali kwa Kiingereza nikiwa napika. Mama naye anajibu kwa Kireno, bei za vitunguu hasa.

Alhamisi, 20 Novemba

Imefanyika. Saa tano asubuhi, dakika arobaini. Walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, yeye ndiye mkuu wa kundi lao. Jenereta ilikuwa inanguruma, nikaomba msamaha, mmoja akasema haisikiki. Walitaka nieleze programu yangu ya kompyuta. Nikaeleza. Wakauliza mfumo wangu mkubwa ulikuwa na atomi ngapi, na nilivyofanya umeme ulipokatika katikati ya hesabu. Nikasema programu inahifadhi kila hatua, kwa sababu nilijifunza kwa machozi. Wakacheka. Mpaka hapo nilikuwa sawa.

Kisha yule mwanamke akachukua karatasi. Akasema msimamizi wangu ameandika barua ambayo yeye hajawahi kuona mfano wake. Akanisomea sehemu. Profesa ameandika kwamba kwa miaka mingi fomula yake ilibeba alama isiyo sahihi, kwamba watu waliitumia na yeye mwenyewe aliifundisha, na kwamba wa kwanza kuliona kosa ni mimi. Ameandika kwamba alikisoma kiambatisho kabla ya siku ya utetezi, akanyamaza. Na kwamba sura tatu za tasnifu hakunifundisha yeye; yeye ndiye aliyefundishwa.

Niliangalia meza ya Sista. Waliona, wakanisubiri.

Yule mwanamke akauliza kama ni kweli sikuwahi kumwambia kwa mdomo. Nikasema ni kweli. Kwa nini? Kwa sababu ni mwalimu wangu. Akauliza, bila ukali: hapa sisi tukikosea, utaficha kwenye kiambatisho?

Swali la haki. Ningekuwa yeye ningeliuliza. Nilimwambia kwamba mwezi uliopita nilisafiri siku nzima, nikamwambia mwalimu wangu sebuleni kwake kwamba barua yake ya kwanza haifai. Baada ya hapo, nikasema, sidhani kama ninyi mtanitisha.

Halafu akaandika kitu.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Inapendeza, vumbi limelala.

Wamenichukua. Ujumbe ulikuja juzi. Naanza Februari. Mama aliniomba nirudie mara mbili, kisha akaenda kupika, na alipokuwa anapika nilimsikia analia kidogo. Sikuingia. Nina furaha, na nitamkumbuka sana, na yote mawili yanakaa kifuani pamoja.

Nilimpigia Profesa. Akasema vizuri. Akauliza kama huko ni baridi, kama nina sweta. Akauliza afya ya mama. Barua hatukuitaja. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumshukuru, nimeyaandika hata kwenye karatasi, na sikupata mahali pa kuyaweka katika mazungumzo yale. Nadhani alihakikisha sipati.

Mwishoni akasema ana wanafunzi wawili wa uzamili wanaoingia kwenye sumaku. Kabla sijasafiri niende wiki moja, niwafundishe modeli yote kwenye ubao, tangu mwanzo.

"Ile alama usiiruke," alisema. "Mi nitakaa nyuma."

Nimekubali. Nitapanda basi shule zikifungwa. Amesema atanunua chaki isiyokohoza na atakuja na daftari lake.